Wa Nne Kutoka Nyuma

4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Kikohozi changu kimekwisha, na chumba tulichohamia mimi na mwanangu mwezi wa nane mwaka jana sasa kimekauka rangi, hakinuki tena. Kiwandani bado niko meza ya kola. Siku hizi nashona kola arobaini na mbili kwa saa, na msimamizi ameniita mashine mbele za watu. Sijui kama nimesifiwa au nimetukanwa. Ningekupigia simu, lakini ile niliyokununulia najua iko kabatini, na hata ukiipokea unaitikia "ehe" kwa kila neno, halafu baadaye unamtuma mtu aniulize nilisema nini. Mambo ya masikio yako siyataji, maana ukiambiwa unanuna.

Mpwa wako hajambo. Anakula, analala, jino la mbele limeng'oka. Anakuamkia.

Sasa kaka, kama umesimama kaa. Mwalimu wake wa darasa la kwanza aliniita. Anasema mtoto hana fujo hata kidogo, ila wenzake wakiwa wamemaliza ukurasa yeye yuko mstari wa pili, na akiulizwa swali anatazama juu na kunyamaza mpaka swali linamhamia mwingine. Shule ikatutuma kwa mwanasaikolojia wa watoto, mama mmoja mwenye ofisi ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Mimi nilibaki nje kwenye benchi saa moja na nusu. Ndani kulikuwa na vibao vya rangi, picha, maswali, na saa ya kubonyeza mkononi mwa huyo mama.

Majibu yametoka. Kasi ya kufanya kazi: chini sana. Kupanga vibao: chini. Maswali ya maneno: chini. Na kwa jumla, nafasi ya nne katika mia. Mimi nilidhani ni maksi nne, nikakaa chini palepale kwenye ngazi. Mwanasaikolojia akatoka akanieleza kwamba si maksi. Ukiwapanga watoto mia wa umri wake kwenye foleni, wangu atakuwa wa nne kutoka nyuma. Nikamshukuru. Mpaka leo sijui nilimshukuru kwa lipi.

Shule inataka ahamie darasa dogo baada ya likizo ya Aprili. Liko nyuma ya stoo ya madawati, lina watoto tisa na mwalimu mpole. Sina neno na watoto wale, wala na mwalimu wao. Lakini nimeulizauliza, na hakuna anayemkumbuka hata mtoto mmoja aliyeingia kule akarudi. Wanachongoja ni sahihi yangu tu, na sijaiweka.

Wewe umekaa naye miaka mitatu na nusu, tangu baba yake afariki nami nikaenda kulala bweni la kiwanda lisilopokea watoto. Hukuona kitu? Niambie ukweli, sitavunjika.

Mdogo wako,
Chiriku


20 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayojifanya wazee kabla yangu. Bati la karakana limeanza kuvuja, na limechagua kuvuja juu ya meza wakati sakafu nzima ipo. Jirani yangu fundi viatu anakusalimu. Amemwoza binti yake wa pili na bado analalamika kama vile wamemwibia.

Nimefikiri sana juu ya ile saa ya kubonyeza. Ni ya chemchemi au ya betri? Nani aliipima mara ya mwisho? Nimezifungua nyingi za namna hiyo katika miaka yangu ya ufundi saa. Zikikaa kwenye droo karibu na sumaku huanza kukimbia, na mtoto wa watu anaonekana mzito kumbe saa ndiyo yenye wazimu. Mwambie huyo mama ailete kwangu, nitaifungua na sitamdai kitu.

Nukta si mjinga. Nilimwita Nukta kwa udogo wa umbo, na kila mtu hapa mtaani anajua hivyo. Akiwa na miaka minne alikuwa ananipangia skrubu kwa ukubwa kwenye vifuniko vya soda, na mwaka ule sikupoteza hata moja. Hayo ndiyo niliyoyaona. Usitie sahihi.

Kaka yako


6 Machi

Kaka,

Shikamoo. Pole na bati. Mpe fundi viatu pongezi zangu, na umwambie bado mabinti wawili.

Nakuuliza habari za mtoto, unanijibu habari za saa. Ningekuwa karibu ningecheka kwanza, halafu ningegomba. Saa ya yule mama haina neno kaka. Nimeilinganisha na ya ukutani kwake, nikijua utauliza.

Ila nimefanya jambo nililopaswa kulifanya tangu siku ile. Karatasi za majibu ni tano. Mimi nilisoma ya kwanza, ile yenye namba, zote nikazitia chini ya godoro. Mtu akishaambiwa mwanawe ni wa nne kutoka nyuma, ya pili anaisoma ya nini? Jumapili nikazitoa, nikafunga mlango, nikasoma mpaka mwisho. Nakunakilia maneno ya ukurasa wa nne kama yalivyo:

"Mtoto ni mtulivu na alishirikiana vizuri. Katika maswali ya maneno, kumi na moja hakuyajibu kabisa. Alipoambiwa anaruhusiwa kukisia, alitikisa kichwa akasema, 'Kukisia hapana.' Katika vibao, kila umbo alilolikamilisha lilikuwa sahihi, lakini muda ulimwishia akiwa na machache. Kabla ya kila umbo alivihesabu vibao vyote. Baada ya kila umbo alivirudisha kisandukuni kimoja kimoja, akafunga kifuniko, ndipo akasema tayari. Namba hizi zisomwe kwa tahadhari. Ningependa kujua zaidi juu ya malezi yake."

Mimi hapo sielewi kitu. Kwangu hakuna kisanduku wala kifuniko. Nikimaliza kola naitupa kapuni huku mkono mwingine umeshashika ya pili. Tangu majibu yatoke kila asubuhi namkimbiza: vaa, kunywa, viatu, twende. Juzi nilimfokea kwa sababu ya vifungo vya sweta. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa. Hakulia. Alifungua vifungo vyote akaanza upya kutoka chini.

Muhula unafungwa tarehe tisa Aprili. Nijibu upesi tafadhali.

Chiriku


27 Machi

Kaka,

Shikamoo. Wiki ya tatu hii sijakusikia. Posta wanasema barua zinafika, hakuna iliyopotea. Umekasirika? Unaumwa? Mwalimu mkuu ameniuliza mara mbili habari za sahihi, na mara ya pili alinipa na kalamu. Mtoto naye ameacha kuniuliza kama umeandika. Nakuomba, hata mstari mmoja.

Mdogo wako


30 Machi

Chiriku,

Marahaba. Siumwi. Barua yako ya tarehe sita niliipata tarehe kumi na moja, sikudanganyi. Hii ninayoandika nimeianza mara nne na mara nne nimeichana. Fundi viatu ananiona nachana karatasi, anadhani nimepata mchumba.

Niliposoma ukurasa ule wa nne nilifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya tangu msiba wa mama. Dada yangu, kumhesabia mteja vipande vya saa yake kabla ya kugusa, kurudisha kila kitu mahali pake, kufunga kifuniko, ndipo kusema tayari: hiyo ndiyo kazi yangu. Huyo mama ameandika juu yangu bila kunijua. Mtoto alikuwa anafanya kazi kama nilivyomfundisha.

Na hilo la kukisia nalo ni langu. Alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa na saa wazi mezani, saa ya bwana mmoja aliyoachiwa na marehemu baba yake. Nikamuuliza Nukta kwa mzaha, hili gurudumu linakaa wapi? Naye akakisia. Akalisukuma kwa kidole, na jino la gurudumu likavunjika. Nilimpigia kelele, Chiriku. Mimi, unayenijua. Akajikunja chini ya meza, sikuweza kumtoa mpaka nilipolala sakafuni nikambembeleza. Kisha, badala ya kujilaumu mwenyewe niliyemuuliza mtoto swali la kijinga, nikamwekea sheria. Nikamwambia hapa hatukisii, kama hujui nyamaza mpaka ujue. Akasema ndiyo mjomba. Tangu siku ile hakukisia tena, nami nikawa najisifu kwa wateja kwamba mtoto huyu ana adabu ya kifundi. Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilimkunja vibaya na sikujua.

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Niliona utasema nimekuharibia mwanao. Nisamehe kwa hizo wiki tatu pia, maana zilikuwa zako, si zangu kuzipoteza.

Kuna karatasi ndogo ndani ya bahasha. Ni ya Nukta. Msomee, usibadili neno:

"Nukta, ni mimi mjomba. Ile sheria ya kutokisia ni ya meza yangu tu, kwa saa za watu. Darasani na kwa yule mama wa maswali, kisia. Ukikosa hakuna kitu kitakachovunjika. Vibao viache, mwenyewe atavirudisha. Siku ile ya gurudumu kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

Nawe nikuulize jambo moja. Huyo mama anasema angependa kujua malezi yake. Kwani hukumwambia kwamba mtoto amekulia karakanani kwangu?

Kaka yako


7 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani. Ningeweza kuanza na habari njema, lakini swali lako nitalijibu kwanza, kabla sijapoteza ujasiri.

Sikumwambia. Kulikuwa na fomu ya kujaza kabla ya kupimwa. Mtoto amelelewa na nani tangu azaliwe? Niliandika "mama". Mwalimu mkuu alikuwa amekaa kando yangu, na mimi nikaona nikiandika "mjomba" swali litakalofuata ni mama alikuwa wapi. Basi nikakufuta. Wewe uliyemwogesha, uliyemsuka nywele vibaya mpaka watu wakauliza amefanya nini, uliyekaa naye hospitali siku sita alipokuwa na surua. Nikakufuta kwa aibu yangu mwenyewe, kaka, na ndiyo maana huyo mama akapima mtoto asiyemjua. Naona haya kuandika hivi, lakini afadhali ulijue kutoka kwangu.

Na nikwambie lingine. Tangu siku ile ya ngazi nilikuwa najiambia kwamba ni kule kumwacha ndiko kulikomharibu. Sikuweza kugeuza ukurasa wa pili kwa sababu niliamini nitalikuta hilo limeandikwa. Wewe ulikuwa unaniogopa mimi, na mimi nilikuwa naogopa karatasi.

Nimemsomea ujumbe wako. Akaniomba nirudie. Akauliza kama kweli umeandika wewe mwenyewe, nikamwonyesha mwandiko, ile "k" yako yenye mguu mrefu. Akaichukua karatasi akaikunja, akaitia ndani ya soksi. Kesho yake mwalimu ananiambia amenyoosha mkono darasani. Jibu lake halikuwa sahihi, na mwalimu amefurahi kuliko lingekuwa sahihi.

Jana niliomba ruhusa kazini nikapeleka barua yako kwa mwanasaikolojia. Nilimwambia na habari za fomu. Hakunigombeza. Aliisoma barua yote mara mbili, akacheka, akaniomba radhi kwa kucheka. Akasema, "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta." Kipimo kile hawezi kukirudia mapema kwa kuwa mtoto atakuwa anayakumbuka maswali, ila anacho kingine cha namna tofauti, na atampa mwezi wa sita. Ameiandikia shule kwamba wasimhamishe mtoto mpaka hapo. Mwalimu mkuu alivuta mdomo, kisha akakubali, akachukua kalamu yake.

Lile neno nililomwambia mtoto lilikuwa hili: "Unanichelewesha maisha." Sasa nimeliandika. Nimemwomba radhi, akasema haya.

Chiriku


2 Mei

Chiriku,

Marahaba. Hilo la fomu lisikukoseshe usingizi. Ungeniuliza siku ile, mimi mwenyewe ningekwambia uandike "mama", tukakosea sote wawili kwa pamoja. Na kuhusu nywele, nilimsuka kadiri ya uwezo wangu.

Bati limezibwa. Nami, kwa kuwa nimemwambia mtoto asiogope vipimo, nimeona haya kukimbia vyangu. Nimekwenda kupimwa masikio. Wanakuvisha vitu kichwani, wanakuambia bonyeza ukisikia mlio. Mwanzoni nilibonyeza nilipokuwa na hakika tu, yaani mara mbili. Halafu nikakumbuka nilivyomwandikia Nukta, nikaanza kubonyeza kwa kukisia. Yule kijana mpimaji akaniambia mzee, hiyo ilikuwa feni. Basi ndiyo hivyo, sisikii vizuri, umefurahi? Watanitengenezea kifaa.

Usiniandikie mpaka majibu yatoke, tumbo langu haliwezi barua za katikati. Na kama atakuwa wa nne kutoka nyuma tena, basi ni wa nne wetu, utamleta likizo hapa na meza yake ipo.

Kaka yako


21 Juni

Kaka,

Shikamoo. Leo salamu baadaye. Hahami! Anabaki darasani kwake.

Amepimwa Jumanne. Mwanasaikolojia alinikalisha, akageuza karatasi upande wangu, akanionyesha kwa ncha ya penseli. Kwa jumla ni wa hamsini na moja katika mia, tukihesabu tena kutoka nyuma. Kwenye maumbo ni wa sabini. Kaka, mwanangu yuko katikati ya foleni, pale penye watu wengi, penye kusukumana, ambapo hakuna anayemtazama mtu. Sijawahi kufurahia kitu cha kawaida namna hii. Nililia mbele ya yule mama mpaka akaniletea karatasi za kufutia, na bado nikawa nacheka katikati ya kilio.

Kasi bado iko chini, wa ishirini. Nimemuuliza wazi kama hiyo ni kasoro. Amesema baadhi yake ni mazoea ya karakanani, nyingine huenda ni yeye alivyo, na si kitu cha kumtenga na wenzake. Mwalimu atamkalisha mbele na kumwongezea dakika. Nami nimeongezwa kazi: niache kumfunga vifungo. Tunaamka mapema zaidi, basi. Ile fomu ya darasa dogo mwalimu mkuu amenirudishia bila sahihi, nami nimeigeuza nakuandikia nyuma yake, kama unavyoona.

Halafu nikamuuliza lile jingine, maana nilijua nisipouliza siku ile sitauliza tena. Nikamwambia nilimwacha mtoto miaka mitatu na nusu, je, nilimvunja? Akasema, "Mtoto aliyevunjika hashiki neno la mtu namna hii akiwa chumba kigeni, na watu asiowajua. Huyu anaamini watu wake." Nilirudia maneno hayo ngazi nzima nikishuka, nisiyasahau kabla ya kukuandikia.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Tulisimama mlangoni mwa duka la viatu kungoja ipungue. Nikaona afadhali jambo hili liishe leo leo. Nikamuuliza kama anajua kwa nini nilimwacha kwako muda wote ule. Akatazama juu, kama anavyofanya. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, wanatupita. Ilikuwa inanijia kumwambia haya sema, sema basi, nikajizuia. Nilisimama tu nimemshika mkono, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Akasema hajui. Kisha akaniangalia.

"Nikisie?"

Nikamwambia kisia.

"Ulikuwa unatafuta chumba cha sisi wawili."

Amepatia, kaka.

Chiriku